Kwa Nini Paka wa Jikoni Ana Madoa

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamjua paka wa jikoni kwetu. Ni jike mwenye madoa meusi na madoa ya rangi ya machungwa, na tumbo lake ni jeupe. Muhula uliopita alizaa watoto wanne nyuma ya magunia ya maharage, na hapo ukazuka ubishi mkubwa katika bweni letu. Mwenzetu mmoja alisema kwamba hapana mtoto wa kiume atakayekuwa na rangi zile mbili pamoja: atakuwa ama mweusi ama wa machungwa, basi. Wengine wakamcheka, wakaweka dau la sukari. Watoto walipokua kidogo tukamwomba mwalimu wa bayolojia atutazamie. Madume walikuwa wawili, mmoja mweusi na mmoja wa machungwa. Majike nao walikuwa wawili, mmoja mweusi mtupu, na mmoja mwenye madoa kama mama yake. Sukari ikalipwa.

Yule aliyeshinda hakuwa mganga wala mpiga ramli. Alikuwa amesoma tu. Nami, kwa kuwa sukari yangu ilikuwa katika ile iliyolipwa, niliona haya, nikaanza kusoma mwenyewe. Nikagundua kwamba nyuma ya madoa yale lipo swali kubwa kuliko sukari, nalo ni hili: seli moja inapogawanyika ikawa mbili, zile seli binti hujuaje kazi aliyokuwa akiifanya mama yao? Swali hili lahusu paka, lahusu kila mmoja wetu, na kama nitakavyoeleza mwishoni, lahusu pia ugonjwa mmoja ambao umewaua watoto wengi katika nchi zetu hizi.

UZI MMOJA, KAZI NYINGI

Kila msomaji aliyefika darasa la bayolojia ajua kwamba mwili umejengwa kwa seli, na kwamba karibu kila seli ina kiini, na ndani ya kiini mna uzi wa DNA wenye maagizo yote ya mwili. Maagizo hayo huitwa jeni. Lakini jambo ambalo huenda hatulifikirii ni hili: maagizo yaliyomo katika seli ya ini ni yale yale yaliyomo katika seli ya ngozi au ya ulimi. Kila moja imepewa kitabu kizima. Seli ya ini haina kitabu kifupi cha ini peke yake; bali imefungua kurasa za ini na kuzifunga kurasa nyingine.

Hufungwaje? Hapa hatuna budi kutazama jinsi uzi wenyewe unavyowekwa. Uzi wa DNA wa seli moja ya binadamu, ukinyoshwa wote, una urefu wa kama mita 2. Kiini kinachoubeba kina upana wa kama sehemu 6 tu za milimita iliyogawanywa mara 1,000. Ili uzi huo uenee humo, huzungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, kama fundi cherehani azungushavyo uzi kwenye kijiti chake. Histoni nane hushikamana pamoja, na uzi huzizunguka kwa urefu wa herufi 147, karibu mara mbili. Kisha uzi waendelea kidogo na kuzunguka fungu jingine la histoni nane, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Katika seli moja ya binadamu yapo mafungu kama milioni 30. Roger Kornberg alieleza mpango huu mwaka 1974, na mwaka 1997 umbo la fungu moja lilionyeshwa waziwazi. Uzi pamoja na histoni zake na protini nyingine zinazoushika huitwa kromatini.

Mzingo huu si kwa ajili ya kubana nafasi tu. Mahali ambapo mafungu yamesongamana sana, vyombo vya seli vinavyosoma jeni haviwezi kuingia, na ukurasa huo ni kama umefungwa. Mahali palipolegea, jeni husomeka. Histoni zina mikia midogo inayochomoza nje, na juu ya mikia hiyo hubandikwa alama za kikemia, nyingine za kusema "hapa pafungwe", nyingine "hapa pafunguliwe". Tuziite beji, maana zafanya kazi kama beji zetu za mabweni.

Basi fikiri juu ya mchezaji wa kandanda aliyechubuka goti. Seli za ngozi zilizobaki kandokando hugawanyika mara nyingi, na shimo likajaa ngozi. Halijai ini, wala halioti jino. Maana yake ni kwamba seli ya ngozi haikuwarithisha binti zake kitabu tu, bali iliwarithisha pia kurasa zipi zimefungwa na zipi zi wazi.

PAKA ATOA USHAHIDI

Haya yote twaweza kuyaona kwa macho matupu juu ya mgongo wa paka. Paka ana kromosomu 38. Jike ana kromosomu mbili za aina ya X, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Dume ana X moja na Y moja. Jeni inayoleta rangi ya machungwa iko juu ya X. Wafugaji walijua jambo hilo zamani, lakini jeni yenyewe ilitambulikana mwaka 2025, wataalamu wa Japani na wa Marekani walipoonyesha kwamba paka wa machungwa wamepungukiwa na kipande cha herufi kama 5,000 karibu na jeni iitwayo ARHGAP36. Dume, kwa kuwa ana X moja tu, ana neno moja la kusema: machungwa au si machungwa. Ndiyo sababu mwenzetu alishinda dau. (Mara chache sana huzaliwa dume mwenye madoa, lakini huyo ana X mbili na Y moja, na kwa kawaida hazai.)

Jike je? Akiwa na X moja ya machungwa na nyingine nyeusi, kwa nini rangi zisichanganyike zikawa kahawia mwili mzima? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1949 katika mji wa London ulioko Kanada. Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram walikuwa wakitazama kwa darubini seli za mishipa ya fahamu za paka. Waliona kwamba katika seli za majike mna doa dogo jeusi ndani ya kiini, na katika seli za madume halimo. Mwaka 1959 Susumu Ohno na wenzake walionyesha kwamba doa hilo ni kromosomu moja ya X iliyojikunja na kubanwa sana. Kisha mwaka 1961 mwanamke Mwingereza, Mary Lyon, aliyekuwa akifuga panya wa uchunguzi huko Harwell, aliyaunganisha mambo haya. Alisema kwamba mapema sana, jike angali kiinitete ndani ya tumbo la mama, kila seli hufunga X moja na kubaki na moja. Ipi ifungwe ni bahati tu, kama kurusha shilingi. Lakini seli ikishaamua, wazao wake wote hufuata uamuzi ule ule maisha yote.

Hili neno la mwisho ndilo lenye uzito. Kila doa jeusi juu ya paka wetu ni ukoo wa seli ambao babu yao alifunga X ya machungwa. Kila doa la machungwa ni ukoo ambao babu yao alifunga X nyeusi. Seli hizo zimegawanyika mara nyingi tangu siku ile ya shilingi, na hapana hata mara moja waliporusha tena. Kama wangerusha tena kila wanapogawanyika, paka asingekuwa na madoa. Angekuwa mchanganyiko kama chumvi na pilipili. (Weupe wa tumbo ni habari nyingine: huko seli zenye kutia rangi hazikufika.)

Wala si paka peke yake. Mwanamke naye ana X mbili, na mwili wake umefumwa kwa seli za namna mbili kama mkeka wa ukindu wa rangi mbili. Juu ya X iko jeni ya kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huzilinda chembe nyekundu za damu. Upungufu wa kimeng'enya hicho si haba katika nchi zenye malaria. Mwaka 1962 Ernest Beutler na wenzake walionyesha kwamba mwanamke aliyerithi upungufu huo kwa mzazi mmoja ana chembe nzima na chembe pungufu, ubavu kwa ubavu katika damu ile ile. Mwaka uliofuata wataalamu wengine wa Marekani walichukua seli za ngozi za wanawake wenye aina mbili za G6PD, wakaitenga seli moja moja, wakaiacha kila moja izae ukoo wake ndani ya chombo. Kila ukoo ulitoa aina moja tu, si mbili. Jambo hili lina faida hospitalini hata leo: dawa ya malaria iitwayo primakwini yaweza kuvunja chembe zenye upungufu, na kipimo cha damu ya mwanamke wa namna hii chaweza kusoma katikati, wala si "ndiyo" wala si "hapana", kwa hiyo daktari hana budi kuwa mwangalifu.

Ushahidi mwingine ulipatikana Texas tarehe 22 Desemba 2001, alipozaliwa paka wa kwanza aliyetengenezwa kutokana na kiini cha seli ya paka mwingine. Mwenye seli aliitwa Rainbow, naye alikuwa paka wa rangi tatu. Mtoto aliitwa CC. Herufi zake za DNA zilikuwa sawasawa na za Rainbow, lakini hakuwa na hata unywele mmoja wa machungwa. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba ile seli iliyochukuliwa ilikuwa imefunga X ya machungwa, na kufuli hilo halikufunguka. Aliyetaka kumpata Rainbow wa pili alinakili kitabu chote, lakini hakupata kurasa zilizo wazi kama alivyotaka.

BWENI LINAPOGAWANYWA

Sasa tuulize: kumbukumbu hii hupitaje? Seli inayojitayarisha kugawanyika lazima kwanza inakili uzi wake wote. Katika seli ya binadamu kazi hiyo huchukua kama saa 8. Nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja hutenganishwa, na kila moja huundiwa mwenzake mpya. Meselson na Stahl walithibitisha hivyo mwaka 1958. Lakini chombo cha kunakili hakiwezi kupita juu ya mafungu ya histoni. Lazima ziondolewe njiani. Na beji zimo juu ya histoni hizo! Ni kama mtu apigaye deki chumba ambamo ukutani mna maagizo ya chaki: je, maagizo hayatafutika?

Hayafutiki, na sababu zake ni mbili.

Sababu ya kwanza iko juu ya uzi wenyewe. Mahali ambapo herufi C inafuatwa na G, uzi wa upande wa pili nao husoma C ikifuatwa na G, ila kwa kwenda kinyume, kama kivuli katika kioo. Juu ya C hizo mbili zinazokabiliana seli yaweza kubandika alama ndogo ya kikemia iitwayo methili, na alama hizo zikijaa mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hufungwa. Uzi unaponakiliwa, upande wa zamani huwa na alama, na upande mpya hauna. Hapo hupita kimeng'enya kiitwacho DNMT1 kikitafuta mahali penye alama upande mmoja tu. Kikipaona, hujaza upande wa pili. Pasipo na alama pande zote mbili, hupita bila kugusa. Holliday na Pugh huko Uingereza, na Riggs huko Marekani, walilifikiria wazo hili mwaka 1975, kabla kimeng'enya chenyewe hakijajulikana.

Sababu ya pili ni ya beji za histoni, na hiyo nataka kuieleza kwa mfano wa shule. Tuseme bweni lina wavulana 40, wote wana beji nyekundu. Mkuu wa shule aamua kuligawa liwe mabweni mawili. Wavulana 20 wa zamani waenda huku, na 20 waenda kule, na vitanda vilivyo tupu vyajazwa wanafunzi wapya wasio na beji. Hivyo ndivyo ilivyo katika uzi: histoni za zamani zinazobeba beji hazitupwi, bali hushikwa na protini zilizomo katika chombo cha kunakili na kurudishwa karibu na mahali pake pa zamani, karibu nusu kwa nusu kwa kila uzi, kisha histoni mpya huingia kuziba mapengo. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba protini mojawapo, Mcm2, huhakikisha kwamba mgawanyo huo hauelemei upande mmoja.

Pasipofanyika jambo jingine, mgawanyo wa pili utaacha beji 10 katika bweni, wa tatu 5, na baada ya muda mfupi beji nyekundu itasahauliwa. Lakini kila bweni lina kiranja. Kwa beji moja ya kufunga, kiranja huyo ni kundi la protini liitwalo PRC2. Ana kama mikono miwili: mmoja wa kupapasa beji, na mwingine wa kubandika. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba mkono wa kupapasa unapogusa beji ya zamani, mkono wa kubandika hupata nguvu na kumvika jirani beji ile ile. Hivyo wageni huvikwa kwa kuwatazama wenyeji. Kiranja akiondolewa, beji hupungua kila seli igawanyikapo, mpaka zaisha.

Tazama basi tofauti iliyopo kati ya urithi huu na ule wa herufi. Herufi za DNA hunakiliwa moja moja, kama imla darasani, na kosa moja ni kosa. Beji hazinakiliwi moja moja. Histoni fulani haijui jirani yake wa jana alikuwa nani. Kinachorithiwa ni desturi ya mtaa mzima. Wachache wakikosa beji, majirani huwasahihisha baadaye, na kazi ya kujaza yaweza kuendelea hata saa nyingi baada ya seli kuwa mbili. Tena, kufunga hukumbukwa vizuri kuliko kufungua. Majaribio ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba histoni za mahali palipofungwa hurudi karibu na pale pale, lakini zile za mahali palipo wazi hutawanyika. Jeni zilizo wazi hufunguliwa tena upya na protini zenye kazi ya kuziita.

Ile X iliyofungwa ya paka imewekewa makufuli yote haya pamoja. Kwanza, ilipokuwa ikifungwa, ilifunikwa na molekuli ndefu ya RNA iitwayo Xist, iliyogunduliwa mwaka 1991, kisha zikaja beji za kufunga, kisha methili. Kufuli moja likilegea, mengine yashikilia.

SAA YA KUFUNGA MIZIGO

Baada ya kunakili, yaja hatari ya pili, nayo ni kugawanyika kwenyewe. Kwa muda wa kama saa moja kromosomu hujikunja zikawa vijiti vinene, vile tuvionavyo kwa darubini ya maabara katika ncha ya mzizi wa kitunguu. Karibu kazi yote ya kusoma jeni husimama. Protini nyingi zilizokuwa zimeushika uzi huachilia na kuondoka. Hata yale mazingo makubwa ambayo kwayo sehemu za uzi zilizo mbalimbali hukutana wakati wa kazi huvunjwa. Mwaka 2013 wataalamu walipima mikunjo ya kromosomu katika saa hii, wakaona kwamba seli za aina mbalimbali, zenye kazi tofauti kabisa, zimekunjwa karibu namna moja. Ni kama siku ya kufunga shule: vitanda vyote vitupu, masanduku yote yamefungwa kwa kamba, na mgeni hawezi kujua bweni hili ni la akina nani.

Lakini saa ile ikipita, mazingo hujengwa tena, na seli ya ngozi hujenga ya ngozi, seli ya ini ya ini. Yawezekanaje? Kwa sababu mikunjo yenyewe hairithiwi; zinarithiwa alama ambazo kwazo mikunjo hujengwa upya. Methili hubaki juu ya uzi. Beji nyingi hubaki juu ya histoni. Baadhi ya protini nazo hubaki mahali pake, kama kijiti kilichoachwa katikati ya kitabu ili msomaji ajue alipokomea. Nyumba imebomolewa, lakini vigingi vingali ardhini.

KUMBUKUMBU INAPOFANYA UBAYA

Nimesema mwanzoni kwamba jambo hili lahusu ugonjwa wa watoto. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya za pande zote mbili. Baadaye aliona wengine, na mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kama maili 10,000 wakizitembelea hospitali, kujua ugonjwa unaonekana wapi na hauonekani wapi. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli zake. (Msomaji asimchanganye Barr huyu na yule wa Kanada.)

Virusi hivyo vimo katika miili ya watu wazima wengi sana duniani, na wengi havileti madhara. Lakini tazama vinavyoishi. Uzi wake wa mviringo hukaa ndani ya kiini, umezungushwa juu ya histoni zetu wenyewe. Seli inaponakili uzi wake, nao hunakiliwa. Seli inapogawanyika, protini moja ya virusi, EBNA1, huufunga uzi huo kwenye kromosomu zetu, kama mtu adandiaye lori, hata ufike kwa binti wote wawili. Na katika seli za uvimbe wa Burkitt karibu jeni nyingine zote za virusi zimefungwa kwa methili, na kufungwa huko hurithiwa. Askari wa mwili hawaoni cha kumkamatia.

Virusi peke yake havitoshi kuleta uvimbe. Malaria ya mara kwa mara utotoni husaidia, na mwaka 1982 lilijulikana kosa lenyewe: kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni iitwayo MYC, yenye kuamrisha seli izidi kugawanyika, hukatika na kuungwa mahali pasipo pake, mara nyingi juu ya kromosomu ya 14. Hapo ni jirani na jeni za kingamwili, ambazo katika seli za namna hii huwa wazi daima. Jeni iliyopaswa kutulizwa imehamishiwa mtaa usiolala, na kila seli binti hurithi makosa hayo. Mwaka 1970 Fialkow na wenzake, mmojawao Peter Clifford aliyekuwa daktari Nairobi, waliuchunguza uvimbe wa wagonjwa wa kike wenye aina mbili za G6PD. Damu yao ilikuwa na aina zote mbili, bali katika karibu kila uvimbe ilionekana aina moja tu. Kwa hiyo uvimbe wote ni ukoo wa seli moja, sawasawa na doa juu ya mgongo wa paka.

Nawaomba wasomaji walishike jambo hili waendapo nyumbani likizo. Uvimbe huu ni miongoni mwa ule unaokua upesi sana. Waweza kuwa maradufu kwa siku mbili. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hushindwa na dawa zinazoua seli zinazogawanyika, na watoto wengi walipona kwa dawa hizo Kampala tangu miaka ya 1960. Mwaka 1967 lilianzishwa huko Mulago wodi la ugonjwa huu, ambalo ndilo lililokuja kuwa Uganda Cancer Institute. Mtoto mwenye taya lililovimba, meno yaliyolegea kabla ya wakati, au tumbo linalokua bila sababu, asikawizwe nyumbani kwa mizizi na chanjo za wembe. Apelekwe hospitali wiki ile ile. Katika ugonjwa huu wiki moja ni nyingi.

Siku hizi wataalamu hujaribu pia kuzifuta alama zenyewe. Mwaka 2004 Marekani iliruhusu dawa iitwayo azasitidini kwa ugonjwa mmoja wa uboho. Dawa hiyo humnasa kimeng'enya DNMT1 asiweze kujaza methili, na baada ya seli kugawanyika mara kadhaa baadhi ya kurasa zilizofungwa vibaya hufunguka.

Limebaki neno moja kuhusu dau letu. Paka wa jikoni alizaa dume mweusi na dume wa machungwa. Kila dume alipata X moja kutoka kwa mama huyu, na kila X ya mama ilikuwa imefungwa katika nusu ya mwili wake. Lakini katika seli zinazotoa mayai ile X iliyofungwa hufunguliwa tena kabla ya yai kukomaa, ili mtoto aanze na kitabu kilicho wazi. Yule binti mwenye madoa alirusha shilingi zake mwenyewe, na ndiyo maana madoa yake hayafanani na ya mama yake. Asiyeamini na aende jikoni akawatazame wawili hao, ila asimguse mama mtu wakati wa kula.